Kupima muda wa mzunguko: GPS ya simu, kipokezi cha kuunda au cha kununua?

Mwendo_Uyole
Habari wakuu. Nje kidogo ya Uyole, Mbeya, tuna njia ya vumbi, mwenye shamba ametupa ruhusa, tunafanya mazoezi ya pikipiki kila Jumapili. Mzunguko mmoja ni kama dakika moja na sekunde kumi. Nilikuwa napima kwa RaceChrono, programu ya kupima muda wa mzunguko, kwa kutumia GPS ya simu yenyewe, Android. Ukilinganisha na saa anayobonyeza mdogo wangu, tofauti inafika sekunde nzima. Fundi mmoja akaniundia kipokezi cha GPS cha nje: moduli ya GPS ya u-blox NEO-M8N pamoja na HC-05 ya kuirushia simu data kwa Bluetooth, akaipanga itoe vipimo 10 kwa sekunde. Simu imeungana nacho, taa inawaka, lakini muda haujabadilika. Niachane nacho ninunue kipokezi cha dukani, Garmin GLO? Au nijikaze nichukue RaceBox Mini? Hela yenyewe ni ya mavuno ya viazi, sitaki kuipoteza.

Mnyalukolo
Kamwene mkuu. Usinunue kitu bado. Ndani ya programu tafuta sehemu inayoonyesha hali ya GPS, usome Hz, yaani vipimo kwa sekunde. Ikiwa 1, programu inasikiliza GPS ya simu na kipokezi chako kinaongea peke yake. Kukiunganisha kwenye mipangilio ya simu ni nusu ya kazi. Lazima ukiongeze pia ndani ya programu, kisha uiondoe GPS ya ndani. Kosa hili lilinila wiki tatu hapa Iringa nikilaumu antena.

Na uone kwa nini Hz ni muhimu. Kwa 100 km/h unakata karibu mita 28 kila sekunde. Simu inayopima mara moja kwa sekunde inakuona kabla ya mstari wa kuanzia, halafu inakuona ukiwa umeshapita. Palipo katikati programu inakadiria. Kwa 10 Hz pengo linashuka chini ya mita 3, kwa 25 Hz linakuwa kama mita 1.1. Ndiyo maana kutoka 1 kwenda 10 utaona mabadiliko makubwa, ila kutoka 10 kwenda 25 ni madogo, hasa kwenye vumbi ambako hatufiki hata hiyo 100.

Mwendo_Uyole
Kweli kabisa, GPS ya ndani ilikuwepo. Nimeiondoa. Sasa inasoma 2, mara 1, mara inakatika. Hizo 10 zimeishia wapi?

Fundi_Soweto
Zimekwama njiani. Moduli na HC-05 bila shaka zinaongea kwa kasi ya 9600 (biti kwa sekunde), na kasi hiyo hubeba herufi kama 960 kwa sekunde. Sentensi moja ya NMEA, yaani mstari wa maandishi ambao GPS hutumia kutoa taarifa zake, ni karibu herufi 70. Aina mbili za sentensi hizo, RMC na GGA, peke yake, mara 10 kwa sekunde, ni 1,400. Hapo sijahesabu GSV, GSA, GLL na VTG, ambazo moduli huzitoa bila kuombwa.

Iweke HC-05 kwenye hali ya amri, uandike AT+UART=115200,0,0. Kisha unganisha moduli na kompyuta ya Windows, fungua u-center, programu ya u-blox ya kupanga moduli, weka 115200, bakiza RMC na GGA, zima nyingine. Badilisha pande zote mbili, maana ukigusa upande mmoja tu hazitaelewana. Na uhifadhi kabla ya kuzima, la sivyo kesho utakuta imerudi kwenye 9600.

Dada_Mafinga
Kaka, kwa simu yako hayo yatatosha. Mimi natumia iPhone, na HC-05 haiwezi kuongea nayo. GLO inakubali simu zote mbili kwa 10 Hz. Nilichagua RaceBox Mini kwa sababu inatumia Bluetooth ya aina mpya: huiungi kwenye mipangilio ya simu kabisa, unaitafuta ndani ya programu. Sababu nyingine ni mtikisiko. Pikipiki inatingisha, na waya za kuchomelea hukatika siku ambayo umeendesha vizuri kuliko zote.

Lakini nimejifunza kwamba hata kipokezi kizuri kinahitaji anga. Tukipita chini ya misonobari ya Sao Hill, mstari wa njia kwenye ramani unayumba hadi nje ya barabara. Kwa hiyo weka mstari wa kuanzia mahali palipo wazi, penye mwendo mkali na njia iliyonyooka. Usiuweke kwenye kona ya taratibu. Antena itazame juu, isiwe chini ya kiti. Ukifika, kiwashe na ukiache kimetulia dakika kadhaa kabla ya mzunguko wa kwanza.

Fundi_Soweto
Kuhusu waya dada amesema kweli. Zifunge kwa gundi ya moto, na chini ya kasha weka sponji.

Mwendo_Uyole
Wakuu, nimerudi kutoka uwanjani. Inasoma 10 bila kuyumba. Ilikatika mara moja tu, nikakuta simu imewasha kuokoa betri. Nimeiruhusu programu iendelee hata skrini ikizima. Mstari nimeutoa konani nikauweka kwenye mnyooko. Mizunguko minane, tofauti na saa ya mdogo wangu haikuzidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Nabaki na hiki kwa sasa. Kesho naenda Mwanjelwa kutafuta sponji na gundi, na dada, zikija kukatika nitachukua GLO, maana 10 Hz zimenitosha.