Wakuu naomba ushauri: jiki kiasi gani kwa ukuta ulioingia maji ya mafuriko? (Houston, baada ya Harvey)

Kibarua wa Bayou · 19 Septemba 2017
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada. Niko Houston, upande wa magharibi, jirani na mto wa Buffalo Bayou. Kimbunga Harvey kilipotua karibu na Rockport Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, hapa kwetu ilikuwa mvua tu, ndani pakavu. Kilichotuzamisha ni mabwawa ya Addicks na Barker. Yalianza kufunguliwa usiku wa kuamkia tarehe 28 ili maji yasije yakazunguka kuta zake na kumwagika ovyo, na maji yakaingia taratibu kama mtu anajaza beseni. Inchi 14 ghorofa ya chini. Yamekaa siku 11. Picha ya sebule niliiweka kwenye uzi wangu wa kwanza.

Sasa tumerudi. Swali langu dogo tu: jiki nichanganye kiasi gani na maji kuua ukungu ukutani, na rangi ya msingi ipi inafunika madoa yasirudi? Kuna harufu kidogo, hasa asubuhi. Wenye ujuzi tu tafadhali.

Tukuyu Kwetu
Pole sana mkuu. Ila nyie wa majuu mkirudi likizo mnatucheka na Jangwani yetu ya Dar. Kumbe wote wa bondeni.

Fundi Sita
Pole mkuu. Jiki ni kikombe kimoja, kama mililita 240, kwa galoni moja ya maji, yaani lita 3.8 hivi. Isizidi hapo. Osha tope kwa sabuni kwanza, maana jiki ikikutana na uchafu inamalizia nguvu zake kwenye uchafu. Usiichanganye na dawa yoyote yenye amonia, na dawa nyingi za kufutia vioo zinayo. Gesi yake inachoma mapafu.

Lakini hiyo ni kwa kitu kigumu: vigae, sinki, sakafu ya zege. Ukuta wako wa ndani ni ubao wa jipsamu, karatasi mbele na nyuma, unga katikati. Jiki inaua kilicho juu, maji yake yanazama ndani, na ukungu unapata kinywaji kipya. Ubao wa jipsamu uliolowa maji ya mafuriko hauoshwi. Unakatwa na kutupwa pamoja na sufi ya kuzuia joto iliyo nyuma yake.

Kwa hiyo kabla ya rangi: umekata ukuta? Futi ngapi?

Nesi wa Zamu
Na mnapofanya kazi vaeni barakoa ya N95, kitambaa hakisaidii. Glavu za mpira ndefu, buti, miwani inayoziba pembeni. Maji yale yalipita kwenye mifereji ya vyoo. Kama chanjo ya pepopunda imepita miaka 10, kachome. Friji lililokaa na nyama bila umeme msilifungue: lizungusheni utepe wa gundi likiwa limefungwa, litoke nje zima zima. Hiyo harufu ya asubuhi iko chumba gani, na nani analala humo?

Kipara Ngoto
Makabati ya jikoni je? Ya mbao halisi yanaokoka ukiyaanika kivulini, milango imetolewa, wiki mbili tatu. Yale ya unga wa mbao uliogandishwa yakishaumuka miguuni ni kuni, tena kuni mbaya. Naikumbuka El Niño, kabati la mninga la baba mdogo pale Kigogo lili...

Tukuyu Kwetu
Kipara, baba mdogo tumemsikia kwenye nyuzi tatu. Muache apumzike.

Kibarua wa Bayou
Asanteni. Kuhusu ukuta, umeshashughulikiwa. Nilichouliza ni rangi.

Fundi Sita
"Umeshughulikiwa" ni neno la mwanasiasa. Umekatwa futi ngapi, umekaushwa siku ngapi, na mbao za ndani zilisoma asilimia ngapi za unyevu kabla ya kufunga?

Mama Bima
Mkiendelea na kuta, mimi niulize upande wangu. Una bima ya mafuriko? Bima ya kawaida ya nyumba hailipi maji yanayopanda kutoka nje. Ile ya serikali, NFIP, inafika dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na ukiikata leo inaanza baada ya siku 30, kwa hiyo usikimbilie kuinunua kwa mafuriko yaliyopita.

Kama unayo: kila kitu kinapigwa picha kabla hakijatoka nje, mstari wa maji ukutani uonekane pamoja na tepu ya kupimia, namba za friji na mashine ya kufulia zisomeke. Kata kipande cha zulia na cha ubao, weka kwenye mfuko mpaka mkaguzi aje. Kama huna, jiandikishe FEMA, shirika la serikali la maafa. Msaada wao mwaka huu wa 2017 haupiti dola 33,300 kwa kaya, na wanaofikia kikomo ni wachache, lakini haurudishwi. Halafu SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, mwaka huu wanakopesha mpaka 200,000 za kurekebisha nyumba. Kuna wenzetu wanaogopa kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji: kama nyumbani kuna mtoto raia, mzazi anaomba kwa niaba ya mtoto.

Kibarua wa Bayou
Bima ya mafuriko sina. Eneo letu kwenye ramani haliko ukanda wa hatari, benki haikudai, nami sikukata. Naomba tusirudi hapo.

Haya, niseme. Ukuta umeshafungwa. Maji yalitoka tarehe 8, fundi akakata inchi 18 kuzunguka nyumba yote, akapiga jiki, akawasha feni siku nne, tarehe 15 akaweka ubao mpya. Nimeshampa dola 7,000 kati ya 11,000. Ametoka jimbo jingine, tumejuana kanisani, watu wake wanafanya mpaka usiku. Ijumaa anapaka rangi, anamaliza. Kampuni nyingine zilisema nisubiri mpaka Novemba. Nisingeweza kukaa hotelini mpaka Novemba. Kwa hiyo naomba mnisaidie kuanzia hapa nilipo. Mambo ya nilipaswa nifanye nini yamepita.

Mchungaji wa Mtandaoni
Haraka haraka haina baraka. Tena fundi wa kanisani! Biblia imesema...

Fundi Sita
Mchungaji ngoja kidogo. Kibarua, kuanzia hapo ulipo ni hivi.

Ubao wa jipsamu unanyonya maji kwenda juu, kama kanga uliyochovya upindo ukaiacha. Maji ya inchi 14 kwa siku 11 yanaweza kupanda futi nzima juu ya mstari. Ndiyo maana huku hukatwa futi 4. Na kuna sababu ya pili, ya kifundi tu: ubao mpya ni futi 4 kwa 8, unaulaza ubavu unaingia kamili, kiungo kimoja tu cha kuziba. Aliyekata inchi 18 alikuwa anabana ubao.

Halafu feni. Feni bila mashine ya kunyonya unyevu inazungusha unyevu ule ule chumbani. Septemba ya Houston ukifungua dirisha usiku unaingiza maji, hutoi. Unafunga madirisha, unawasha kiyoyozi kama ni kizima, unaweka mashine ya painti 70 kwa siku (lita 33) walau mbili kwa ghorofa ya chini, mpira wa maji unaelekezwa sinkini ili usiwe unaamka kumwaga ndoo. Mbao zinafungwa zikisoma asilimia 15 au chini. Zilizozama siku 11 hazifiki hapo kwa siku nne. Hesabu wiki tatu na kuendelea.

Msukuma Asilia
Samahani wakuu, mimi nimenyamaza muda mrefu. Hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Moja, mvua siku nne, maji ndani siku 11, hizo saba nyingine maji yalikuwa yanangoja basi? Mbili, nyumba ya mamilioni ukuta unakatwa kwa kisu kama mkate? Tatu, na hii ndiyo kubwa: picha aliyoweka kwenye uzi wa kwanza, mstari wa tope uko JUU ya soketi. Inchi 14 gani hiyo? Kaokota picha mtandaoni, anatafuta watu wa kumchangia.

Tukuyu Kwetu
Duh. Nimerudi kuangalia picha. Kweli uko juu.

Kipara Ngoto
Nilijua tu. Mtu mwenye nyumba Houston anakuja kuuliza kipimo cha jiki huku?

Fundi Sita
La kwanza lina jibu. Mvua iliisha, ila mabwawa yalikuwa yamejaa kupita kawaida, na wahandisi wa jeshi waliendelea kuyaachia maji mchana na usiku. Bayou ikabaki juu na jua linawaka. La kisu nitakuja.

La tatu silipingi. Soketi za huku hukaa inchi 12 mpaka 16 kutoka sakafuni. Kwenye picha mstari uko juu ya soketi kiasi cha kiganja kizima. Kibarua, au picha si yako, au maji hayakuwa inchi 14.

Kibarua wa Bayou
Kuitwa tapeli nikiwa nimelala chini kwenye godoro la upepo, asanteni sana. Sijaomba hata senti moja humu.

Picha ni yangu. Ilipigwa tarehe 9 kabla ya kukata, sebuleni. Inchi 14 ndiyo niliyopima siku tunatoka kwa boti, tarehe 29. Ndiyo namba niliyompa fundi kwenye simu, akaniandikia bei. Baadaye yaliongezeka. Nimepima sasa hivi mlango wa gereji ambao hatukuusafisha: inchi 22.

Fundi aliuona mstari. Aligusa kwa mkono juu ya 18, akasema pamekauka.

Fundi Sita
Basi amekata chini ya mstari wa maji. Una inchi nne za ubao uliozama na juu yake futi nyingine ulionyonya, bado ziko ukutani, nyuma zimekumbatia sufi. Hakuna rangi ya kufunika hiyo. Doa litarudi, na harufu yako ya asubuhi inatoka hapo: usiku nyumba imefungwa, inakusanyika.

Na sasa naogopa umeme kuliko ukungu. Soketi zote za chini zilizama. Zimebadilishwa?

Kibarua wa Bayou
Zilipanguswa na kukaushwa. Zinafanya kazi. Breka liko juu, halikuguswa.

Fundi Sita
Soketi iliyozama haipanguswi. Tope linabaki kwenye vibanio vya ndani, linakula shaba, siku moja utachomeka pasi ipate moto ukutani. Waya wa huku una karatasi ndani ya ganda la nje, nayo inavuta maji kama utambi. Waya uliozama unavutwa wote, unawekwa mpya. Zima breka za soketi za chini sasa hivi. Hita ya maji ya gesi kama ilizama, vali yake isiguswe wala isijaribiwe, inabadilishwa.

Nesi wa Zamu
Nilikuuliza nani analala kwenye harufu, hukunijibu.

Kibarua wa Bayou
Mama yangu mzazi. Amekuja kutoka Moshi tangu Julai. Magoti hayamruhusu ngazi, kwa hiyo yuko chumba cha chini. Ana pumu. Anasema hajambo.

Nesi wa Zamu
Wazazi wetu hawajawahi kusema hawajambo kwa maana ya hawajambo. Pampu yake ya pumu anavuta mara ngapi kwa usiku, na Julai alikuwa anavuta mara ngapi? Usinijibu mimi, kamuulize. Halafu asilale humo leo. Akianza kuongea kwa vipande vipande au pampu isisaidie, ni 911, msingoje asubuhi.

Mama Bima
Na hizo 4,000 zilizobaki zisitoke. Texas haimpi leseni mkandarasi wa kawaida, ila fundi umeme na fundi bomba lazima wawe nayo. Aliyegusa soketi zako muulize namba yake. Kuna sheria ya Texas ya kazi za baada ya maafa, sura ya 58 ya kanuni za biashara: mkandarasi asiye na anwani ya biashara katika kaunti yako au ya jirani kwa angalau mwaka mmoja haruhusiwi kudai malipo kabla ya kuanza, wala kuchukua kuzidi kazi aliyoifanya. Usisaini karatasi ya "kazi imekamilika" hata akikuambia ni utaratibu tu. Na hiyo inchi 22 ipige picha na tepu usiku huu. Mkaguzi wa FEMA haamini simulizi.

Kibarua wa Bayou · 20 Septemba 2017
Wakuu. Mama yuko kwa dada, Sugar Land, tangu saa nne usiku. Alikuwa anavuta pampu mara tano.

Nimenunua kipima unyevu cha sindano. Nimebandua skatingi nyuma ya kitanda chake, nikachoma mbao iliyolala sakafuni: 31. Nguzo, kwa tundu dogo: 27. Ubao wa zamani juu tu ya kiungo unaingia kidole. Futi tano juu: 11. Nimetoa konzi ya sufi, ikachuruzika kwenye kiganja. Fundi hapokei simu.

Fundi Sita
Vizuri, sasa una namba. Breka zimezimwa? Pima futi 4 kutoka sakafuni kila ukuta, piga mstari. Kina cha kisu ni nusu inchi, usizidishe, nyuma kuna waya na mabomba. Sufi yote ya chini itoke. Mbao zisuguliwe kwa brashi ya waya, zinyonywe kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini, zioshwe kwa sabuni, jiki iache. Ukuta wa nje kagua ubao ulio kati ya nguzo na matofali. Ukiwa mlaini nao unatoka. Vitundu vilivyo chini ya matofali nje usivizibe hata kama mende wanaingilia hapo, ndiyo pua ya ukuta. Taka rundika kando ya barabara kwa mafungu: jipsamu na mazulia peke yake, friji na majiko peke yake, rangi na dawa peke yake. Angalia mkono wako kwenye rundo, sisimizi wa moto walielea na maji wakaingia kila mahali.

Vigae vibaki. Soma kipima kila siku saa ile ile, andika ukutani kwa penseli.

Kipara Ngoto
Msukuma, omba radhi.

Msukuma Asilia
Radhi ya nini? Nilisema kuna chai, na chai ilikuwepo. Inchi nane. Ila Fundi hukunijibu la pili: kwa hiyo kweli ukuta wa Mmarekani unakatwa kwa kisu?

Fundi Sita
Cha dukani, cha kukatia makaratasi. Mara mbili mstari ule ule, unausukuma kwa goti.