Neno "shrink" limenikwamisha mara tatu

Mfasiri Mchanga
Ndugu wanajukwaa, ninafasiri hadithi fupi ya Kimarekani ambamo neno la Kiingereza "shrink" limenikwamisha mara tatu katika kurasa mbili. Kwanza linaipata sweta ya mhusika iliyofuliwa kwa maji ya moto, kisha linampata yeye mwenyewe mbele ya baba yake, na mwishowe anasema kwamba humwona "shrink" wake kila Alhamisi. Kamusi yangu inatoa "sinyaa" pekee. Je, nilitumie kote?

Fundi Cherehani
Kwenye sweta usiandike kusinyaa, kwani kinachosinyaa ni jani. Sisi mafundi husema nguo imerudi. Mteja akiniletea kitambaa cha pamba, hukiloweka usiku kucha na kukianika kabla ya kukipima, kwa kuwa nyuzi zilizovutwa wakati wa kufumwa hulegea majini na kurejea ufupi wake. Nililijifunza hilo kwa hasara, baada ya suruali niliyoikabidhi ikiwa inagusa viatu kuletwa tena ikiishia katikati ya muundi. Sufu ni mbaya zaidi: nywele zake zina magamba madogo ambayo hung'ang'aniana zinapofikichwa katika maji ya moto, na hapo sweta haiokoleki.

Mwalimu Mstaafu
Fundi amesema kweli. Kuhusu huyo aliye mbele ya baba yake, mwangalie kwanza: ikiwa amekunja mabega na kujibana, amejikunyata, ikiwa ni ujasiri uliomwishia, amenywea. Wa Alhamisi ni daktari wa magonjwa ya akili. Katikati ya karne ya 20 Wamarekani walimtania kwa kumwita "headshrinker", yaani mpunguza vichwa, wakiwafikiria Washuar wa Ekuador na Peru, ambao zamani walitoa fuvu katika kichwa cha adui waliyemuua, wakaichemsha ngozi, kisha wakaikausha kwa mawe na mchanga wa moto hadi kichwa kikalingana na ngumi. Baadaye jina hilo refu likakatwa, likabaki "shrink". Tahadhari, mwanangu: huenda mtu huyo si daktari, maana mwanasaikolojia naye huitwa hivyo hivyo.

Mfasiri Mchanga
Shikamoo Mwalimu, na ahsante Fundi. Nimeisoma upya hadithi nikaona kwamba mhusika hapewi dawa yoyote, bali huzungumza tu, kwa hiyo nitaandika "mwanasaikolojia wangu", ingawa utani unapotea. Sweta imerudi, na kijana amenywea.