Tamthilia ya wizi wa melini: hawa jamaa wangetoka vipi na mali?

Kijana wa Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, maana hapa mtaani tumebishana hadi watu wananuniana.

Kuna hii tamthilia ya wizi kwenye meli ya abiria. Tunaiangalia kwenye kibanda umiza hapa Chikongola, Mtwara, imetafsiriwa na yule jamaa anayechomekea na maneno yake. Asiyeiona nimpe kwa ufupi. Watu wanne wamepanda meli kubwa ya matajiri, wamejifanya wanamuziki wa kukodiwa. Jioni wanapiga tarumbeta na ngoma, usiku wa manane wanazungukazunguka kuhesabu milango. Kwenye ofisi ya karani wa meli kuna sefu, na humo abiria wameweka mikufu na pete zao. Usiku wa dansi kubwa wanamtolea mlinzi bastola, wanamfunga kamba, wanamfungia kwenye stoo ya shuka, wanalikomba sefu lote. Meli bado ina siku mbili kufika bandarini.

Ubishi wa kwanza uko kwa nahodha. Kamkamata mpiga ngoma, kamfungia kabini na kumnyang'anya pasi ya kusafiria. Stelingi, ambaye ni askari mstaafu aliyekuwa anapumzika zake, anamwambia nahodha hawa ni maharamia, tupige simu polisi wa huko tuendako. Nahodha anamkatalia: polisi wa kule hawana lao humu, meli ina bendera ya Panama. Kibanda kikalipuka. Fundi baiskeli wetu anasema nahodha akiwa baharini ndiye serikali. Mwingine anasema polisi ni polisi, bendera ni kitambaa tu.

Ubishi wa pili ni mali. Wezi wanaifunga kwenye boya lenye taa, wanalitupa baharini saa nne usiku, eti boti ya wenzao italiokota saa mbili asubuhi. Hapo hapo umeme ukakatika, na mwenye kibanda akagoma kurudisha mia tano zetu.

Halafu nani aliwapa namba za sefu? Sisi wengi tunamshuku karani wa meli. Kila akionekana anatokwa jasho.

Wenye uzoefu wa bahari na wenye sheria zao, karibuni. Walioshaimaliza wasituharibie uhondo.

---

Nyati wa Nachingwea

Dogo, sisi huku bara bahari tunaiona kwenye kalenda, lakini karani ndiye. Anayeshika ufunguo ndiye anayeiba. Nimemaliza.

---

Mvuvi Msanga Mkuu

Hilo boya limenichekesha mno. Aliyeandika hiyo hadithi hajawahi kudondosha hata ndoo baharini.

Najua meli yao haiko huku kwetu, lakini chukulieni wameitupa mali hapa nje ya Msimbati. Mkondo mkubwa unatoka mashariki, ukifika maeneo ya Rasi ya Delgado unapasuka. Tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kaskazini kupita mbele yetu, Lindi, Kilwa, hadi Mafia na kuendelea. Kaskazi ikivuma huwa umepoa kidogo. Kusi ikishika, mkondo unakimbia hasa. Maili mbili za baharini kwa saa si kitu cha kushangaza. Kutoka saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa 10. Hizo ni maili 20, karibu kilomita 37, na upepo bado hatujauhesabu. Boti itaokota nini pale walipotupa?

Sisi tukiacha jarife (wavu mrefu) lielee usiku, ncha moja inafungwa kwenye chombo na mtu analala ameigusa ile kamba. Ikikatika, alfajiri unaanza kupiga simu kijiji cha Sudi kuwauliza wenzako kama wameona nyavu zinapita. Tena hayo ni majarife marefu yenye vielezo vingi. Hawa wameacha kiboya kimoja chenye taa, halafu wakaenda kulala!

---

Bi Karani

Wanangu, marahaba, ingawa sijaona aliyenipa shikamoo.

Nyati, wewe na huyo kijana mmenigusa kwa sababu mimi nilikuwa karani wa meli. Ilikuwa meli ya abiria na mizigo kati ya Dar na Mtwara. Jina lake na mwenye nayo siwataji. Ni zamani kabla ya Daraja la Mkapa, ambalo lilifunguliwa 2003. Masika ikiingia, basi la Kusini lilikuwa linalala Ndundu kusubiri pantoni ya Rufiji, na ukishavuka unakutana na tope la Somanga. Watu walishuka kusukuma basi wakiwa na nguo za harusi. Kwa hiyo mwenye uwezo alipanda meli. Ilichukua siku nzima na usiku wake, na bahari ikichafuka ni zaidi.

Sefu tulikuwa nalo. La chuma, kijani, mlango wake mzito ukikugonga goti utauguza wiki. Ndani kulikuwa na fedha za nauli, vishina vya tiketi, makusanyo ya mkahawa, na chupa ya dawa ya kikohozi ya nahodha ambayo hakutaka mkewe ajue anainywa. Basi. Msimu wa korosho wafanyabiashara walikuwa wanapanda na hela taslimu nyingi kuliko zile za kwetu mara kumi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia nitunzie. Kuna mama mmoja wa Newala alikalia gunia la vitunguu kutoka gatini Dar. Anaombwa apishe njia, hapishi. Anaitwa akale, analetewa chakula pale pale. Meli ikipinda na gunia, yeye anapinda nalo. Tulipofika Mtwara akafungua kuchomoa nauli ya gari, nikaona katikati ya vitunguu kuna mto wa sufi, na hela zimeshonewa ndani ya mto.

Ninyi mmeshikilia namba za sefu. Kuiba melini si kazi. Usiku abiria wamejilaza sitahani, nusu wanatapika, mizigo imechanganyika, taa hafifu. Kazi iko kwenye kushuka. Meli ina ngazi ya abiria, na chini ya ngazi unamkuta karani na orodha yake, askari wa bandari, na makuli ambao wanakariri sura kuliko kamera. Tena Mtwara mlango wa kuingilia bandarini ni mwembamba. Meli ikiwa inaingia tu, Shangani wameshaiona na mabodaboda… enzi zile baiskeli, zimeshajipanga getini.

Safari moja ilipotea cherehani ya mkono. Mwenyewe alilia kabla hatujafunga gati, nahodha akaamuru ngazi isishuke. Abiria akapita mmoja mmoja na mzigo wake, jua likawa kali, watoto wakawa wanalia, na mimi natukanwa kwa Kimakonde na Kimwera kwa zamu. Cherehani ilikutwa ndani ya boti ya uokozi, chini ya turubai, imefunikwa maboya. Aliyeiweka hakujulikana. Alishuka mikono mitupu na pengine alinipa pole kwa kuchoka. Mwizi wa melini akiona ngazi imechelewa, mali anaiachia meli.

Sasa kijana wangu, rudi kwenye tamthilia yako. Mlinzi kafungiwa kwenye stoo ya shuka. Stoo ya shuka ina ufunguo, na ufunguo huo hauko kwa mpiga tarumbeta wala kwa karani. Uko kwa dobi. Kwetu shuka chafu zilishushwa kwenda kufuliwa mjini, marobota kwa marobota, na hakuna askari aliyewahi kutia mkono kwenye shuka iliyotapikiwa. Mimi namshuku dobi. Na Mvuvi kanisaidia bila kujua: kama boya haliwezi kuokotwa, basi halikutupwa liokotwe. Limetupwa lionekane, ili nahodha aamini mali imeshatoka na aache kupekua.

---

Mwanafunzi wa Sheria, Lindi

Shikamoo mama. Nianze kwa nahodha na polisi.

Hao maharamia wa stelingi si maharamia kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka vyombo viwili: watu wa chombo kimoja wavamie chombo kingine, tena bahari kuu, kwa tamaa zao binafsi. Abiria anayeibia meli aliyoipanda kwa tiketi ni mnyang'anyi kama wa stendi tu. Jambo hili lilileta kizaazaa kweli mwaka 1985 kwenye meli ya Kiitaliano, Achille Lauro. Watu wenye silaha walipanda kama abiria, wakaiteka karibu na Misri na kumuua abiria mmoja Mmarekani, mzee wa kiti cha magurudumu. Wanasheria wakabishana kama huo ni uharamia, kwa sababu hapakuwa na meli ya pili. Ndipo 1988 ukasainiwa mkataba mwingine huko Roma kuziba pengo hilo, unaohusu vitendo vya kuhatarisha usalama wa meli. Kwa hiyo ubishi wenu wa kibandani wakubwa nao waliubisha, tena bila mia tano.

Bendera ya Panama ina uzito. Meli ikiwa bahari kuu, nchi ya bendera ndiyo yenye mamlaka juu yake, hata kama mwenye meli ni Mgiriki na abiria ni Waingereza. Hapo nahodha yuko sawa. Lakini hiyo ni mpaka anapokaribia nchi ya watu. Maili 12 za baharini kutoka pwani, kama kilomita 22, ni bahari ya nchi husika. Chombo kinachopita tu, polisi wanashauriwa wasikiingilie, ila kuna milango kadhaa, na mmojawapo ni nahodha mwenyewe kuomba msaada. Akifunga gati kabisa, polisi wa hapo wanaweza kupanda. Angekuja Mtwara na mlinzi wake ana alama za kamba mikononi, asingewaambia askari wa bandari habari za Panama.

Kumfungia mpiga ngoma anaruhusiwa, kwa ajili ya usalama wa chombo na watu. Kumhukumu haruhusiwi. Anamshikilia mpaka amkabidhi kwa wenye mamlaka, basi.

Na kwa kuwa umesema walimtolea mlinzi bastola: kosa hilo likitendeka ndani ya maji yetu ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu. Miaka isiyopungua 30. Wangejua wangeendelea na tarumbeta.

---

Kijana wa Chikongola

Shikamoo mama, nisamehe, niliandika kwa haraka.

Fundi baiskeli nimemsomea jibu la mwanasheria, anadai ameshinda. Yule mwingine naye anadai ameshinda.

Mama, dobi hatujawahi kumwona. Ila sehemu ya 2 kuna mtu anasukuma toroli la taulo, mpiga tarumbeta akamwomba kiberiti, wakacheka, ikaishia hapo. Sisi tulidhani ni kupoteza muda.

---

Bi Karani

Huyo huyo. Watu wa tamthilia hawagharamii toroli bure.

---

Mvuvi Msanga Mkuu

Mama, nakubali kwa nusu. Kama boya ni tupu, litaelea juu na litayumba sana, taa itakuwa inalala na kuinuka. Likiwa na mzigo wa dhahabu chini litasimama wima, taa imetulia karibu na maji. Mwenye sehemu ya 5 aiangalie tena. Mkiona taa imetulia, basi dobi wako hana kosa na mwandishi ndiye hajui mkondo. Mimi bado naona hajui mkondo.

---

Nyati wa Nachingwea

Haya yote mazuri. Karani anatokwa jasho la nini?

---

Bi Karani

Mwanangu, ofisi ya karani kwenye meli nyingi iko ndani, haina dirisha, mabomba ya moto yanapita ukutani, na safari ikikaribia kuisha hesabu ya mkahawa haijawahi kulingana na ya stoo. Ungekaa humo nusu saa na huo unene uliouweka kwenye picha yako, ungetoka kama umeoga. Mwache mwenzangu afanye kazi.