Diski ya meinfremu: mafaili yapo, hayasomeki

Binti Chumbageni: Wakuu, habari za Tanga. Nimeunganisha diski ya meinfremu (kompyuta kubwa ya ofisi) yenye mfumo wa z/OS, iliyo makao makuu, na kompyuta yangu ya Linux kwa NFS, njia ya kutumia mafaili ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mafaili nayaona, ila nikifungua orodha ya wateja ni herufi za ajabu tupu. Tatizo mtandao?

Fundi Raskazone: Mtandao hauna kosa, dada. Meinfremu huandika kwa EBCDIC, mfumo wake wa kuzipa herufi namba: herufi A kule ni C1, kwenye Linux ni 41 (kwa heksadesimali). Unapounganisha, baada ya jina la saraka weka mkato na neno `text`. Seva itageuza yenyewe.

Mzee Pongwe: Ila mwanangu, faili lenye namba zilizofungashwa (zisizohifadhiwa kama maandishi) lichukue kwa `binary`, yaani bila kugeuza. Likigeuzwa, salio za watu zinaharibika. Nakusihi, anza na nakala.

Binti Chumbageni: Majina yanasomeka! Shikamoo mzee, ahsanteni. Ya salio sijayagusa.