Basari ya shule ya wasichana hapa Uingereza, fomu yao inauliza mpaka kiwanja cha nyumbani, nisaidieni

mama_watatu:
Jamani hamjambo. Binti yangu mkubwa ndo kaanza mwaka wa 6, wa mwisho wa shule ya msingi, hapa London. Mwezi wa 7 mwalimu wake aliniita akaniambia huyu mtoto mjaribishe shule ya wasichana ya praiveti, wana basari, yaani msaada wa ada. Nikacheka, maana ada yao ya mwaka inapita mshahara wangu wa mwaka mzima ukishakatwa kodi. Nilivyorudi nikafungua tovuti yao nikakuta kweli wameandika mpaka asilimia 100 kwa kuangalia kipato cha familia, basi nikaomba fomu. Fomu imekuja, kurasa kumi na kitu, nimeifungua mara tatu nimeifunga.

Mie nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, baba yao ana teksi, amejiajiri, nyumba tumepanga. Sasa kuna sehemu inauliza mali zilizo nje ya Uingereza. Tuna kiwanja nyumbani na msingi umesimama pale mwaka wa nne huu, nyasi zimeota ndani, hiyo nayo mali? Afu stetimenti yangu ya mwezi wa 5 inaonyesha imeingia £1,200 kwa mpigo, ni mchezo wetu wa kina mama zamu yangu ilifika, si wataona nina hela? Na mume wangu anasema ukiomba basari tu mtoto anawekwa chini ya rundo hata afaulu vipi. Mwisho wa kuomba ni mwanzoni mwa mwezi wa 11.

mama_zuhura:
Dada pole na hongera. Wangu yuko mwaka wa 9 kwenye shule ya aina hiyo hiyo, tunalipiwa asilimia 95, kwa hiyo hiyo fomu naijua kama mkono wangu.

Kiwanja kiandike. Andika hivyo hivyo ulivyotuandikia hapa, kiko wapi, mlinunua lini, thamani ya makadirio, msingi tu, hakuna mpangaji, na picha ya hizo nyasi weka. Msingi wenye nyasi sidhani kama utamtisha mtu, ila ukiuficha halafu wakaona kwenye stetimenti unamtumia fundi hela kila mwezi, hapo umekwisha, na hata kama mtoto keshaingia wana haki ya kuiondoa basari.

Mchezo ndo usiseme, yalinikuta. Shule ilituma mtu nyumbani, siyo mwalimu, ni wa kampuni ya nje inayowafanyia shule kazi ya kukagua. Mpole tu, alikunywa chai. Akatoa stetimenti zangu kachora mstari wa njano kwenye £1,500, akaniuliza hii ni kodi ya chumba unachopangisha? Nikaenda kabatini nikamletea daftari la mchezo. Tuko kumi, kila mtu £150, miezi kumi. Nikamwonyesha kila mwezi inatoka £150 kwangu, na hiyo £1,500 ni hela yangu mwenyewe inarudi. Akaguna, akaandika kitu pembeni, akahamia ukurasa mwingine. Kwa hiyo wewe usisubiri uulizwe, andika barua nusu ukurasa uambatanishe na picha ya daftari, majina ya wenzio yafunike.

Kilichoniuma mie ni hela ninazomtumia mama yangu. Shule yetu haikuzihesabu kama gharama ya lazima, kwao hayo ni mapenzi yangu. Niliwaelewa lakini iliniuma.

Kuhusu rundo, kwetu mtihani wa kuingia ulisahihishwa bila kuangalia nani kaomba hela. Ila mfuko wa basari una mwisho wake, na wakianza kugawa wanaanza na waliofanya vizuri, kwa hiyo mtoto asome. Na usisubiri majibu ya mwezi wa 2 ndo uombe basari, utakuta imeshagawiwa.

hesabu_tu:
Naongeza upande wa teksi maana hapo ndo watu wengi hukwama. Wewe kazini ulipewa P60, ile karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka mzima, mwezi wa 5, itoe na karatasi za mshahara za miezi mitatu, umemaliza. Mzee yeye watataka SA302, yaani hesabu ya kipato na kodi yake, na muhtasari wa mwaka wa kodi, vyote vinashushwa kwenye akaunti yake ya HMRC, watu wa kodi, lakini havitoki kama hajapeleka ritani, ile fomu ya kipato chake cha mwaka. Wenye teksi wengi huwa wanangoja tarehe 31 mwezi wa 1 na fomu yenu inafungwa mwezi wa 11!! Mwambie apeleke sasa hivi, mwaka wa kodi uliisha tarehe 5 mwezi wa 4, hakuna sababu ya kungoja.

Na jueni basari inapimwa upya kila mwaka, hizo karatasi mtazitoa mpaka mtoto amalize.

nimechoka_na_baridi:
Mie nitasema ambayo hamtaki kusikia. Tangu Januari 2025 ada hizo zina VAT asilimia 20 juu yake, hata hiyo asilimia 5 ya kujilipia siyo mchezo. Na mtoto wa teksi katikati ya watoto wa mabenki atajisikiaje? Shule za serikali nzuri zipo.

mama_zuhura:
Kaka hilo la wenzie nililiogopa pia. Wangu kilichomliza mwaka wa kwanza ilikuwa safari ya kuteleza kwenye theluji, wenzie wote wanakwenda. Kwa hiyo dada uliza mapema basari inagusa nini: sare, chakula cha mchana, safari, masomo ya kinanda. Shule nyingine zinalipa vyote, nyingine ada tupu. Na ya serikali mjazie fomu pia, ile ya halmashauri mwisho ni tarehe 31 mwezi wa 10, usije ukakosa kote.

mama_watatu:
Asanteni sana wote. Leo nimepiga simu ofisi ya bursa, anayeshika hela za shule, nikiwa kwenye mapumziko kazini, nimesimama koridoni natetemeka, kumbe dada wa huko mzuri tu. Hela ya usajili wamenisamehe, hata sikujua kama inasameheka, nisingeuliza ningelipa. Sare na chakula vimo, safari naandika ombi kila ikitokea.

Mume wangu saa hizi yuko sebuleni na boksi la risiti za mafuta anazipanga kwa miezi, na hasemi tena habari za rundo. Daftari la mchezo liko kwa mwenyekiti, nalifuata Jumapili.