Msaada wakuu: kepcha kadi gani nichukue ya kurekodia mechi za PS4 bandani?

Kipa wa Nyamagana
Wakuu habari za muda huu. Nina banda la gemu hapa Mwanza, PS4 Slim tatu, na kila mwisho wa mwezi tunapiga ligi ya mtaa ya magemu ya mpira, FC na eFootball, vijana wanajaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Sasa nataka nusu fainali na fainali nizirekodi vizuri, tuweke utangazaji wa Kiswahili juu yake, kuna dogo hapa anatangaza balaa, ukifumba macho unajiona uko uwanjani Kirumba, halafu tupandishe YouTube.

Kuelekeza simu kwenye TV haifai, mistari inapita kwenye skrini na kelele za banda zinameza kila kitu. Watu wakaniambia tafuta kepcha kadi, kile kifaa cha kuingiza picha ya gemu kwenye kompyuta. Nimezunguka madukani na mtandaoni ndio nimechanganyikiwa kabisa, kuna vile vidude vidogo vya saizi ya flashi vimeandikwa 4K bei ya kutupa, na kuna Elgato na AVerMedia ambazo lazima ujifikirie mara mbili. Laptopu niliyonayo ni HP EliteBook 840 G1, i5 gen ya 4, RAM 8, Windows 10. Bajeti laki mbili, nikibanwa naongeza kidogo. Wachezaji waendelee kucheza kwenye TV kama kawaida, sitaki mtu afungwe aje kudai picha ilichelewa. Nianzie wapi?

mzee_wa_pedi
Mkuu kabla hujatoa hata mia, unajua hiyo PS4 inarekodi yenyewe? Bonyeza SHARE kwenye pedi, ingia setingi za kushea, badilisha urefu wa video maana yenyewe inakuja na dakika 15, unaweza kupeleka mpaka 60. Mechi ikiisha unahifadhi, unakopi kwenye flashi, kazi imeisha. Dogo wako akitangaza arekodi sauti kwenye simu, kwenye kuhariri unalinganisha na filimbi ya kuanzia mpira. Haikugharimu chochote.

Kipa wa Nyamagana
Shukrani mkuu, hiyo naifahamu na ndio ninayotumia kwa sasa. Shida picha inatoka 720p fremu 30 kwa sekunde, kwenye simu inapita ila kwenye TV mpira mrefu ukipigwa unaona ukungu tu. Na nataka mbele ya safari tuwe tunarusha laivu na nembo ya ligi na matokeo pembeni. Ndio maana nataka kadi.

Dada wa Nyaya
Kaka hapo umeshajieleza, kwa matumizi hayo kadi unaihitaji kweli. Ngoja nikueleze kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi ili ujue unalipia nini.

Kwanza, kuna wanaodhani ukichukua waya wa HDMI kutoka PS4 ukachomeka kwenye laptopu picha itaingia. Haiingii, tundu la HDMI la laptopu ni la kutoa tu, na hiyo 840 G1 yako nadhani hata HDMI haina, ina DisplayPort na VGA. Kadi ndiyo inayopokea picha na kuipitisha kwenye USB.

Sasa hapo kwenye USB ndipo penye mchezo wote. Picha moja ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, ukiipeleka kwa baiti mbili kila pikseli unapata kama MB 4 na kidogo, zidisha mara fremu 60 inakuja karibu MB 249 kwa sekunde. USB 2.0 kwa makaratasi tu mwisho wake ni MB 60 kwa sekunde. Haipiti, ni sawa na kumwaga ndoo kwenye mdomo wa chupa. Kwa hiyo vile vidude vya bei rahisi, vingi vinatumia chipu inaitwa MS2109 ambayo ni ya USB 2.0, vinaiminya picha kwanza kwa mfumo wa MJPEG ndio vinaituma, na kwa 1080p vinaishia fremu 30. Ile "4K" iliyoandikwa kwenye boksi maana yake kinaweza kupokea mawimbi ya 4K, siyo kwamba kinarekodi 4K. Ukikilazimisha kitume picha bila kuiminya, ile YUY2 utakayoiona kwenye OBS, programu ya kurekodia na kurusha laivu, kwa 1080p unapata fremu 5 tu kwa sekunde.

Habari njema ni kwamba laptopu yako ina milango ya USB 3.0. Kwa hiyo tafuta kadi ya USB 3.0 ya kweli inayosema wazi inarekodi 1080p kwa fremu 60, na iwe na HDMI mbili, ya kuingia na ya kutoka. Ile ya kutoka unaipeleka kwenye TV, wachezaji wanaona picha bila kuchelewa. Wanaocheza kwa kuangalia dirisha la OBS kwenye laptopu ndio wanaolalamika, ile picha lazima ichelewe kidogo.

Bandari Gemaz
Dada wa Nyaya uko sahihi ila usimtishe mwenzio. Mimi natumia hicho kidude cha USB 2.0 na nimekiweka 720p, hapo kinakupa fremu 60 bila shida, na kwa mpira mimi bora 720p inayoteleza kuliko 1080p ya fremu 30. Hakina HDMI ya kutoka, nikaongeza splita ya moja kwa mbili, ile yenye adapta yake ya umeme, waya mmoja TV mwingine kwenye kidude. Jumla ya vyote haifiki hata nusu ya laki mbili. Na hakihitaji draiva, unachomeka Windows inakiona kama kamera, hata simu ya Android yenye OTG, ile inayokubali kuchomekwa vifaa vya USB, inakisoma ukiwa na programu ya kamera za USB.

Dada wa Nyaya
@Bandari Gemaz sijasema ni kibaya, kwa anayeanza kinamfaa kabisa na hiyo 720p ya fremu 60 ni ushauri mzuri. Ila yeye tayari ana 720p bure kwenye PS4, anatoa hela ili apande. Halafu sauti uliiangalia? MS2109 inajitambulisha kwenye kompyuta kama mono ya 96 kHz wakati kilichomo ni stereo ya 48 kHz. Kelele za mashabiki wa kushoto na kulia zinachanganywa zote, na kwenye mpira hizo kelele ndizo zinazobeba utamu.

Bandari Gemaz
Kwenye sauti sibishi, ni mono kweli.

Kapteni Tanga
Mimi nina wasiwasi na laptopu kuliko kadi. i5 ya 840 G1 ni ile ya kori mbili ya kutunza chaji. Elgato kwa kadi yao ya HD60 S wenyewe walitaka i5 ya gen ya 4 ya kori nne, kwa hiyo hata ukipata HD60 S iliyotumika kwa bei ya kuelewana, usishangae feni ikapiga kelele na fremu zikaruka. Kwenye OBS ukiona QuickSync kwenye orodha ya enkoda, yaani vibana video, chagua hiyo, kazi inahamia kwenye grafiki za Intel na prosesa inapumua. Ukiacha x264, ile inayotumia prosesa, kwenye 1080p fremu 60 hiyo mashine itakuchelewesha.

Au chukua njia nyingine, AVerMedia Live Gamer Portable 2 Plus. Hii inarekodi 1080p fremu 60 moja kwa moja kwenye kadi ya microSD bila kompyuta kabisa, unaipa umeme wa chaja ya simu, unabonyeza kitufe kimoja. Ina HDMI ya kutoka kwenda TV, na ina matundu mawili ya milimita 3.5, la headset na la kuunganisha na pedi. Kwa banda naona ndiyo yenyewe, maana laptopu inabaki kwa kuhariri tu. Mpya itavuka bajeti yako, tafuta iliyotumika.

mtoto wa Kitunda
Mimi niongeze moja tu maana hii inawaliza wengi. Ukichomeka kadi yoyote kwenye PS4 ukakuta skrini nyeusi usirudishe kadi dukani ukidhani ni mbovu. PS4 inatoka na ulinzi wa HDCP, ule wa kuzuia picha isinakiliwe, ukiwa umewashwa. Ingia Settings, halafu System, toa tiki kwenye Enable HDCP. Programu za muvi kama Netflix zitagoma mpaka uirudishe ila magemu yanapita vizuri. Wenye PS3 ndio wana kazi, kule HDCP ya HDMI haizimiki, inabidi utumie waya za komponenti.

Kipa wa Nyamagana
Aisee nimeelewa vitu ambavyo wauzaji hakuna hata mmoja aliyenigusia. Maswali mawili yamebaki. Umeme huku unaweza kukatika fainali ikiwa dakika ya 80, laptopu ina betri iliyochoka, je rekodi yote inapotea? Na dogo mtangazaji sauti yake naiingizaje bila kuchanganyika na ya gemu, maana wakati mwingine anapaza mpaka mpira wenyewe husikii.

Dada wa Nyaya
Umeme: kwenye OBS nenda setingi za Output, aina ya faili weka MKV. MP4 ya kawaida ikikatika katikati kabla haijafungwa vizuri haifunguki tena, MKV unabaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde umeme ulipokata. Ukimaliza nenda File, Remux Recordings, inageuka MP4 kwa muda mfupi na ubora haupungui. Nafasi pia pigia hesabu, ukirekodi kwa megabiti 20 kwa sekunde saa moja inakula GB 9, ligi ya siku nzima inajaza diski ya laptopu, kwa hiyo hadidiski ya nje iwe pembeni.

Sauti: OBS inakupa trak mpaka sita. Weka Output kwenye Advanced, sauti ya gemu iende trak ya 1, maiki ya dogo trak ya 2. Kwenye kuhariri unashusha au kupandisha ya mmoja bila kumgusa mwenzake. Dogo atakuwa anatangaza akiangalia TV, na picha inafika kwenye OBS ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo kwenye rekodi atashangilia goli kabla mpira haujaingia. Rekebisha hivi: rekodi kipande kifupi, mtu agonge kitufe cha pedi kwa nguvu karibu na maiki huku anahamisha menyu, angalia mlio wa kugonga na menyu inavyosogea vimepishana milisekunde ngapi, hizo ziandike kwenye Sync Offset ya maiki. Unaweka mara moja tu, ila ukibadilisha kadi pima upya.

Bandari Gemaz
Na wachezaji wasichomeke earphone kwenye pedi wakaweka sauti zote ziende huko. Ukifanya hivyo HDMI inabaki kimya na utarekodi mechi bubu.

mzee_wa_pedi
Na muziki bandani zima kabisa wakati wa mechi. Bongo Fleva ikiingia kwenye maiki ya dogo, mfumo wa YouTube unaitambua na hela ya matangazo inaenda kwa mwenye wimbo au video inafungiwa. Hata nyimbo za kwenye menyu ya FC zishushe mpaka sifuri kwenye setingi za sauti, kelele za uwanja acha.

Kipa wa Nyamagana
Nimewasoma wote. Naelekea kwenye kadi ya USB 3.0 yenye HDMI ya kutoka kwa sababu nataka laivu baadaye, ila hiyo ya microSD nikiipata iliyotumika kwa bei nzuri nitakaa nifikirie tena. Sasa dukani nitajuaje kwamba USB 3.0 ni ya kweli? Zote nilizoziona zina plagi ya bluu.

Dada wa Nyaya
Rangi usiiamini, plastiki ya bluu mtu yeyote anaweka. Washa tochi ya simu uangalie ndani ya plagi. USB 2.0 ina vijino vinne tu vya shaba mbele. USB 3.0 ina hivyo vinne, halafu nyuma yake kwa ndani kuna vingine vitano vidogo. Usipoviona hivyo vitano, rudisha. Kama kadi ina waya unaochomoka basi kagua huo waya maana nao unabadilishwa.

Halafu nenda na laptopu yako na OBS ikiwa imeshawekwa. Mwambie muuzaji achomeke chochote chenye HDMI, hata king'amuzi, ila king'amuzi kikitoa weusi usimlaumu ni ile HDCP. Ongeza Video Capture Device, kwenye Resolution weka Custom, chagua 1920x1080, angalia FPS wanakupa ngapi na Video Format zipi. Ukiona 60 ipo na siyo MJPEG peke yake, lipa. Ukifungua Device Manager kwenye Hardware Ids ukakuta VID_534D na PID_2109, hiyo ni MS2109 hata kama boksi limeandikwa 3.0.

Kapteni Tanga
Na ukishapata, weka linki ya fainali hapa hapa, huyo dogo tunataka kumsikia.