Re: Watoto wetu wanacheza wapi huku?

Salaam wandugu,

Kaka wa Hamburg kaandika kwamba watoto wetu huku Ujerumani hawajui kucheza. Wanajua sana kaka yangu, wanachokosa ni wenzao. Viwanja vipo tele, Berlin peke yake ina zaidi ya 1,800 vya umma, bure, na vingine vina pampu ya maji kwenye mchanga mtoto anapampu weee mpaka anatoka kalowa matope. Sisi Magomeni tulikuwa na vumbi na goli la mawe mawili tu, lakini ukitoka mlangoni baada ya alasiri unakuta wenzako washagawana timu, hakuna mama aliyepigiwa simu kuombwa miadi, unacheza chandimu, kidali po, kombolela, mpaka adhana ya magharibi ndo unakumbuka kwamba hata maji hujachota. Huku mwanangu akitaka kucheza na mwenzake wa darasani natuma meseji, najibiwa wana nafasi Alhamisi ya wiki ijayo. Inaniuma jamani.

Ndo maana naomba tuliopo Berlin tuchague uwanja mmoja, siku moja, saa ileile kila wiki, anayekuja aje bila kuuliza. Mimi nimeanza na rede na wanangu na wa jirani. Mpira wa soksi, chupa tupu ya maji, mchanga si upo? Wawili wanarusha mpira kumlenga wa katikati, naye anajaza chupa, anachota mchanga kwa kiganja huku macho yapo kwa anayerusha, mchanga ukiwa na unyevu unakwama shingoni mwa chupa basi anaitikisa huku anaruka, wenzie wanapiga kelele jaza jaza jaza! Watoto wa Kituruki na wa Kijerumani waliokuwa kwenye bembea wakaja wenyewe kuomba namba ya kucheza, na lugha haikuwa shida hata kidogo.

Kuhusu majirani kulalamika, waliofika karibuni msiogope sana. Tangu 2011 sheria ya hapa inasema kelele za watoto kwenye chekechea na viwanja vya michezo kwa kawaida hazihesabiwi kuwa madhara. Na vile vibao vya "Eltern haften für ihre Kinder" (wazazi wanawajibika kwa watoto wao) visiwatishe, mzazi anawajibika pale alipozembea kumwangalia mtoto, si kila kioo kinachovunjika ni deni lako, na mtoto wa chini ya miaka 7 mwenyewe hadaiwi. Ila Haftpflicht, ile bima ya kulipia hasara unayomsababishia mtu, kateni, si ghali, na ulizeni kabisa kama inalipa uharibifu wa mtoto wa umri huo maana nyingine hazilipi, halafu unabaki na ugomvi na jirani.

Wenye watoto wakubwa kidogo, kuanzia miaka 6 hivi, tafuteni abenteuerspielplatz. Pale mtoto anapewa nyundo, misumari na mbao ajenge kibanda chake, walezi wapo. Wazo lenyewe lilianzia Emdrup, Copenhagen, mwaka 1943 wakati wa vita, watoto wakaachiwa vitu chakavu wajiundie. Aliyewahi kuunda gari la waya na visoda atapaelewa pale siku ya kwanza tu.

Mama Wawili, Berlin

---

Dada shukrani. Wangu wa mwisho alikaa kwenye tableti Jumamosi nzima nikamwambia twende nje, akaniuliza "kufanya nini?" Nilikosa usingizi. Sisi Tanga tulikuwa tunafukuzwa ndani na bibi, nendeni huko mkacheze nifagie! Ila winta je, saa kumi jioni giza?

Baba Watatu, Potsdam

---

Shemeji, winta baadhi ya makanisa hufungua kumbi zao kwa watoto wadogo, huitwa winterspielplatz, tafuta kwa jina la mtaa wako. Kukiwa kukavu tunatoka tu, tunawahi saa nane, koti na gloves. Njoo nao Jumapili hii, nakutumia anwani pembeni. Na mama watoto aje, namdai mapishi ya visheti.

Mama Wawili